Niliombea Uamuzi wa Kunifuta Kazi

Sifa na heshima zimrudie Mungu aliye hai. Ndugu zangu, wazee wa kanisa, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, nawasalimu kwa furaha. Naitwa Barasa, na ni mgeni hapa mtaani Satellite. Mchungaji ameniita mbele nijitambulishe, nami nimemwomba anipe nafasi ya kueleza Mungu alivyonitendea, kwa sababu jina peke yake haliwezi kuwaambia mimi ni nani.

Kuna asubuhi moja niliondoka Mutuini, pembeni mwa Nairobi, bila kujua ninaenda wapi. Nilikuwa na mfuko wa nguo, na blanketi nimelifunga kwa kamba. Nilipofika barabarani nikatazama huku na huku, nikafuata upande ule ambao watu wengi walikuwa wanaelekea. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote. Jana yake nilikuwa mpishi wa shule ya upili ya wasichana, shule ya serikali, mtu mwenye kazi na chumba. Asubuhi ile nilikuwa na blanketi.

Haikuwa mara yangu ya kwanza kuondoka hivyo. Niliacha shule darasa la sita baba alipofariki, nikapanda lori la miwa kutoka kwetu magharibi, na tangu siku ile nimekuwa mtu wa kutaka kuona kilicho nyuma ya kona. Nimekata mkonge huko Thika. Nimepakia magadi. Nimefuatana na wachimba visima hadi Kitui. Kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakachoka nami: hii inafanya kazi namna gani, nani aliamua iwe hivi, kwa nini isiwe vile. Na kila palipotokea ugomvi, nilifunga blanketi langu nikaenda zangu. Sikuwahi kubaki mahali nikajitetea. Dunia ni kubwa, nilikuwa nasema, kuna kazi mbele.

Halafu Mungu akanipata. Nilifika Mutuini na mafundi waliokuwa wanajenga nyumba za kupangisha, nikaingia kanisa dogo lililokuwa karibu na mjengo kwa sababu nilitaka kujua ni chombo gani kile kinacholia hivyo. Nikatoka nimeokoka. Baadaye kidogo shule ikanichukua jikoni, na wakanipa chumba nyuma ya ghala la kuni. Ndugu zangu, nilikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na huo ndio ulikuwa mlango wangu wa kwanza wenye ufunguo. Nilikaa pale miaka bila hata kutamani lori.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoharibika.

Katika kanisa letu tulikuwa tunafunga kula kila Jumatano, na mchungaji alitufundisha kwamba mtu anayefunga asitembee akijitangaza. Unanawa uso, unafanya kazi yako, unanyamaza. Basi Jumatano moja nilikuwa napakua githeri ya chakula cha mchana, mahindi na maharagwe yetu yale. Wasichana walikuwa wameshalalamika wiki nzima kwamba maharagwe ni magumu, na kweli yalikuwa magumu. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akaniangalia, akaangalia sahani yangu iliyokuwa imefunikwa kifudifudi juu ya meza.

"Mpishi, mbona wewe hujajipakulia?"

"Leo sili," nikamwambia.

"Kwani hii githeri ina nini?"

"Haina kitu. Songa mbele, wenzako wanangoja."

Nilikuwa natii mafundisho, basi. Lakini kabla mstari haujaisha, habari ilikuwa imezunguka uwanja mzima kwamba mpishi mwenyewe amekataa kula chakula alichopika. Sahani zikamwagwa. Vioo vya bwalo vikavunjwa. Wasichana wakatoka nje ya lango wakiimba, wakaenda mpaka kwa chifu.

Wiki iliyofuata bodi ya shule ikakaa. Wanabodi walipokuwa na mkutano, mimi ndiye niliyekuwa napeleka chai na mandazi. Nilibisha nikaingia na birika, na wote wakanyamaza. Sikushangaa. Watu hunyamaza chai ikija. Nikammiminia mwenyekiti, mzee mmoja wa pale pale Mutuini mwenye shamba na nyumba za kupangisha, nikammiminia mwalimu mkuu, nikazunguka meza. Walipomaliza kunywa, mwenyekiti akauliza kama ilivyo kawaida ya mikutano yetu: nani atatufungia kwa maombi? Mnajua swali hilo linavyofanya watu waangalie viatu vyao. Mwisho mwenyekiti akanigeukia.

"Barasa, wewe umeokoka. Tuombee."

Nikaweka birika chini, nikaomba kwa moyo wangu wote. Nilisema, ee Mungu, yote ambayo watumishi wako wameyaamua katika chumba hiki, uyathibitishe, na mtu yeyote asiyapinge. Wakaitikia amina kwa sauti. Mwalimu mkuu peke yake ndiye aliyebaki ameinamisha kichwa hata baada ya amina. Nilifikiri anaendelea na maombi yake.

Asubuhi yake alikuja mpaka mlango wa jiko.

"Barasa, bodi ilikaa jana."

"Najua, mwalimu. Si mimi niliwaletea chai?"

"Ilikufuta kazi. Uchochezi wa wanafunzi."

"Mimi? Nilimchochea nani?"

"Hayo yameshaamuliwa." Halafu akasema neno ambalo lilinikaa kifuani kwa muda mrefu. "Na hata wewe mwenyewe ulikuwepo."

Mpishi mwenzangu, dada tuliyemwita Mama Ciku, ambaye tulikuwa tunasali naye kanisa moja, alitupa mwiko ndani ya sufuria. "Si uwaambie ulikuwa umefunga! Hata mimi nilikuwa nimefunga!" Nikamjibu, nimwambie nani? Hakuna aliyeniuliza. Nikaenda kufunga blanketi.

Ndivyo nilivyojikuta barabarani. Nilipita shule mbili njiani kuuliza kazi. Katika ile ya pili, bawabu alinitazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Wewe si yule wa Mutuini, wa kuwagomesha wasichana?" Habari ilikuwa imenitangulia. Hapo nikaelewa kwamba sikuwa nimepoteza kazi moja tu. Jina hilo lingesimama kwenye kila lango la shule kabla yangu. Nikaendelea kutembea, nikashika barabara ya Ngong, na nilipoingia katikati ya jiji mvua ikanyesha. Nikakimbilia chini ya nguzo za jengo kubwa la mawe. Askari mmoja akaniambia nisizuie mlango, niingie au nitoke.

"Kwani mtu yeyote anaweza kuingia?"

"Hii ni mahakama. Ni ya watu wote. Zima simu tu."

"Sina simu."

"Basi umeshazima. Ingia."

Ndugu zangu, Mungu anaweza kutumia hata udadisi wa mtu. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, nikasikiliza kesi ya karani wa mji fulani aliyeondolewa kazini. Kiingereza changu ni cha kuokoteza njiani, lakini nilishika kitu kimoja. Kila wakili wa upande wa pili alipotaka kueleza makosa ya yule karani, jaji alimrudisha kwenye swali moja: kabla hamjaamua, huyu mtu alisikilizwa? Sikujua kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu mkubwa analipwa kuuliza swali hilo.

Nikarudi kesho yake. Nikarudi tena na tena. Nilikuwa nalala sakafuni kwa ndugu mmoja wa kanisa huko Kawangware, alfajiri nabeba mizigo sokoni, halafu naenda kukaa benchi la nyuma. Mpaka siku moja wakili mmoja mzee, Kalasinga mwenye kilemba cha kijivu, akanisimamisha kwenye ukumbi.

"Wewe nakuona hapa kila mara. Kesi yako ni gani?"

"Sina kesi, mzee. Nasikiliza tu."

"Watu wanalipa ili wasije hapa, wewe unakuja kusikiliza?" Akacheka. "Umefanywa nini?"

Nikamweleza pale pale, tumesimama. Nilipofika kwenye maombi, aliacha kucheka. Akaniuliza nilifutwa lini, akaniambia muda wa kwenda kwa jaji bado upo ila haungoji. Nikamwambia sina cha kumlipa. Akauliza kama kweli najua kupika. Mpishi wa nyumbani kwake Kileleshwa alikuwa ameenda kujifungua, na mke wake hakuwa na afya nzuri. Tukakubaliana hivyo: mimi jikoni kwake, yeye mahakamani kwangu. Aliitwa wakili Harjit, na mpaka leo namwombea kwa jina.

Nilianza kumweleza habari ya kufunga kwangu, ya sahani, ya yule msichana. Akainua mkono.

"Hayo yaweke. Jaji hatauliza kama ulichochea."

"Atauliza nini sasa?"

"Shule ni ya umma. Bodi imewekwa na sheria. Haiwezi kumfukuza mtu kama vile inafukuza kuku. Jaji ataangalia njia waliyopita mpaka wakafika pale. Walikuambia kosa? Walikupa nafasi ya kujibu? Kama hawakukupa, anafuta uamuzi."

"Lakini mimi nataka asafishe jina langu."

"Huko hatuendi kusafishwa, Barasa. Tunaenda kufunguliwa mlango. Ndani utaingia mwenyewe, na kinywa chako."

Nawaambia ukweli, hayo hayakunifurahisha. Nilitaka mtu mkubwa aseme mbele ya watu kwamba Barasa hana hatia. Lakini nilitii. Tukaomba kwanza ruhusa ya kufungua kesi, ruhusa ikatolewa, halafu tukaanza kungoja. Tarehe ilipangwa ikaahirishwa. Ikapangwa tena, wakili wa shule akawa mgonjwa. Wakati huo huo nikakutana na dereva niliyewahi kufanya naye kazi, akiwa anapakia lori la kwenda Lodwar.

"Barasa! Panda, kiti kiko wazi. Unangoja nini hapa Nairobi?"

"Nina kesi."

"Kesi ya nini? Ya githeri?" Akacheka mpaka akaegemea gurudumu. "Maze, wewe ndiye yule niliyemjua? Githeri!"

Ndugu zangu, miguu yangu iliwashwa. Lile blanketi lilikuwa Kawangware, limefungwa bado, maana sikuwa nimewahi kulifungua vizuri. Ningeweza kuwa Kitale kabla ya jua kuzama. Nikasimama pale kando ya lori nikamwambia Mungu, wewe unajua kila kitu kabla hakijasemwa, na bado unatuuliza, unatusikiliza tunapoomba. Kama wewe unaweza kuningoja nimalize kusema, basi nami naweza kungoja nisikilizwe. Nikampa dereva mkono, nikamtakia safari njema. Lori likaondoka, na mimi nikabaki. Watu wengine wanaokolewa kutoka kwenye pombe, wengine kutoka kwenye magonjwa. Mimi siku ile niliokolewa kutoka barabarani.

Siku ya kesi Mama Ciku aliomba ruhusa kazini akaja kukaa kando yangu, na leso yake nzuri. Wakili wa shule alikuwa kijana msafi anayesema haraka. Wakili Harjit alikuwa amenieleza mapema watakachojibu, lakini kukisikia kwa masikio yangu kulikuwa jambo lingine. Mwalimu mkuu alikuwa ameapa katika hati ya kiapo kwamba sikuhukumiwa nyuma ya mgongo wangu. Kwamba nilikuwa ndani ya chumba cha mkutano. Kwamba sikupinga lolote. Na kwamba mimi mwenyewe nilifunga mkutano kwa maombi, nikamwomba Mungu athibitishe uamuzi, na mtu yeyote asiupinge.

Watu wakacheka. Hata karani wa mahakama akafunika mdomo. Mimi sikucheka. Nilitaka kuingia chini ya benchi. Maneno yangu matamu kwa Mungu yalikuwa yamesimama pale kama shahidi wa kunimaliza.

Jaji hakucheka. Alivua miwani.

"Wakili," akasema, "alipokuwa anaomba, alijua ni uamuzi gani?"

Kijana akafungua karatasi zake. "Mheshimiwa, alikuwa ndani ya chumba."

"Alikuwa ameketi kiti gani?"

"Hakuwa ameketi, mheshimiwa."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa... alikuwa na birika, mheshimiwa."

Jaji akaandika. Mama Ciku alinishika mkono mpaka ukauma.

Uamuzi ulisomwa baadaye. Wakili Harjit alininong'onezea kwa Kiswahili kadiri jaji alivyokuwa anasoma. Jaji alisema kwamba kuwa karibu na watu wanaokuhukumu si sawa na kusikilizwa nao. Alisema mtu lazima aambiwe anachoshtakiwa, apewe nafasi ya kujibu, na maneno yake yapimwe kabla uamuzi haujafanywa, awe mwalimu mkuu au awe mpishi. Uamuzi wa bodi ukafutwa. Kama bado wana jambo nami, wakae upya, waniite, wanisikilize. Niliangalia dari la mahakama ile nikalia kama mtoto, na askari yule yule wa mlangoni akaniambia, "Toka nje ulie vizuri, mzee, huku kuna kesi nyingine." Nikatoka. Nikalia vizuri.

Bodi ikakaa upya. Safari hii mtu mwingine alileta chai. Mimi nilipewa kiti, na wakanisomea kosa langu. Halafu mwenyekiti akasema, "Haya, Barasa, sema." Nilikuwa nimesafiri nchi hii karibu yote, na hakuna mahali nilipokuwa nimewahi kuambiwa neno hilo.

Nikasema. Nikawaeleza habari ya Jumatano, na kwa nini sahani yangu ilifunikwa, na kwa nini sikumwambia yule msichana sababu. Mama Ciku akaitwa, akasema naye alikuwa amefunga, ila yeye alikuwa nyuma akiosha masufuria, ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba hakula. Mwenyekiti, ambaye ni mzee wa kanisa lake, akaniuliza.

"Ulikuwa umefunga kwa ajili ya nini?"

"Mzee, mwezi ule kanisa lilikuwa linaombea shule. Ili kuwe na amani."

Mwalimu mkuu akainamisha kichwa, na safari hii nilijua haombi.

Wakanitoa nje. Baada ya kitambo wakaniita ndani. Na mwenyekiti, kwa mazoea tu, akafunga faili yake akasema, "Barasa, tufungie kwa maombi."

Nikasimama. Nikaangalia meza nzima.

"Mwenyekiti, kabla sijafumba macho, naomba kujua mmeamua nini."

Mwenyekiti mwenyewe akaanza kucheka, wa kwanza, kicheko cha tumboni, wakamfuata wote. Alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho. "Umerudi kazini," akasema. "Hujachochea mtu. Katibu, andika hivyo, na umwonyeshe aone, asije akatupeleka tena." Basi nikafumba macho nikaomba, na nikarudia maneno yale yale: yote waliyoyaamua katika chumba hiki, ee Mungu, uyathibitishe. Safari hii amina ya mwalimu mkuu ndiyo iliyosikika zaidi.

Ndugu zangu, labda uko hapa na umehukumiwa nyumbani kwako, au kazini, au na majirani, na hakuna aliyekuuliza hata swali moja. Nakuomba usikimbie. Huyu Mungu ninayemshuhudia anasikiliza, na anajua kuwatafuta watu wa kusikiliza hata mahali ambapo wewe umeingia kukwepa mvua. Mtegemee. Na wewe unayekaa kwenye kiti cha kuamua habari za mtu, awe ni mtoto, awe ni mfanyakazi wa nyumba, mwulize kwanza. Halafu ungoje ajibu.

Namalizia. Niliporudi shuleni nikakuta chumba changu kina mpishi mpya na mtoto wake mchanga. Nikawaambia wasiwatoe. Nikachukua mfuko na blanketi nikaja huku Satellite kutafuta chumba, mlango kwa mlango, mpaka kwa Mama Wangari yule, aliyekaa safu ya pili. Alinisimamisha langoni.

"Wewe ndiye mpishi wa ile shule? Nimesikia wewe ni mtu wa fujo."

Nikasema moyoni, imeanza tena. Lakini yeye akavuta kigoda, akakipangusa kwa khanga.

"Hayo ni ya watu. Kaa hapa, niambie mwenyewe."

Nikakaa, nikamwambia yote, kama nilivyowaambia nyinyi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na ufunguo. Jioni ile nilifungua blanketi langu nikalitandika kitandani. Na ile kamba yake, ndugu zangu, nilimpa Mama Wangari. Ameifunga uani, anaanikia nguo.